Dada Bora wa Mwaka

Nyumba Namba 27,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Dada yangu kipenzi,

Salamu zangu zikukute hapo ulipoketi, na nina hakika mguu mmoja uko kwenye pedali ya cherehani na pini tatu ziko mdomoni. Zitoe kwanza, tafadhali, usije ukazimeza kwa furaha. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unaligombeza kila asubuhi kama mtoto mkaidi? Sisi huku hatujambo, na mimi nimepita hata hapo: nimenona, nang'aa, na tumbo limeanza kunitangulia mlangoni.

Barua yako ilifika Alhamisi na nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Umesema umeshashona vikoti vinne vya mtoto na kofia mbili, na kwamba unajizoeza kuitika "mama mkubwa", hata mteja akikuita dada unajifanya hujasikia. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu ukaniuliza uje lini, na kama ni kweli mtoto atakuita hivyo mbele ya watu wote wa mtaa huu mzuri. Nitakujibu, dada. Ila niache kwanza nikupe habari, maana furaha ikinijaa lazima imwagikie kwako. Nina nani mwingine?

Keshokutwa ndoa yetu inatimiza miezi saba, na mume wangu bado ananiamsha kwa chai. Mpima ardhi mzima, mtu anayeamrisha watu na vigingi vyao kutwa nzima, ananyata kwa ncha za vidole asimwage kikombe! Kwenye mlango wa friji hunibandikia vikaratasi. Cha jana kilisema amepima viwanja vingi duniani lakini hajaona kilichonyooka kama paji la uso wangu. Nimekiweka ndani ya sanduku, pamoja na lile gauni la harusi ulilonishonea kwa vipimo vya barua. Kila nikiligusa nakukumbuka ulivyoandika kwamba goti limevimba, huwezi kusafiri, nami nikakujibu usihangaike, ni sherehe ndogo tu ya kutia sahihi. Mume wangu analipenda sana gauni lile. Husema fundi wetu alikuwa na mkono wa malaika.

Mtaa uko vilevile ulivyouacha ulipokuja kututembelea: nyumba sitini za rangi ya maziwa, zimefanana kama mayai, hata wiki iliyopita mume wangu alihangaika na ufunguo kwenye mlango wa jirani mpaka mwenye nyumba akamfungulia na kumkaribisha kwake. Nyasi zikipita kifundo cha mguu, kamati inakuandikia barua. Jumamosi asubuhi watoto wanafundishwa kuogelea, kina baba wanaosha magari huku wakisifiana, na sisi kina mama tunauzunguka mtaa mara nne kwa mwendo wa haraka, chupa ya maji mkononi, midomo ikienda kasi kuliko miguu. Mwenyekiti wa kamati ni yuleyule mke wa daktari wa meno. Bado anatabasamu kwa meno yote, kama tangazo la mumewe.

Na huyo ndiye anayenifanya nikuandikie leo na si wiki ijayo. Tangu uondoke ananiuliza habari zako. Majuzi alinishika mkono katikati ya mwendo wetu akaniambia kwamba kama sisi hatukuhitaji, yeye anakuchukua kesho yake, kwa sababu hajawahi kuona dada mwenye adabu na mikono ya kazi kama wewe. Unakumbuka alivyokukuta pale kwenye bembea akakuuliza unapumzika siku ngapi kwa wiki? Wewe ukamjibu kwamba hupumziki, kazi ikiwepo unaikalisha chini mpaka iishe. Ukarudi ndani ukaniambia yule mama ana huruma, amejali hata mapumziko yako. Nami nikaendelea kukatakata nyanya.

Dada, sogeza cherehani pembeni, ukae vizuri.

Huku kwetu watu hawasemi mfanyakazi wa ndani. Wanaona ni maneno ya kuumiza, na wao ni watu waungwana. Wanasema dada. Dada wa namba tisa, dada wa kwa daktari, dada ametoka na mtoto, dada ameunguza shati. Siku ile ulipofika na begi lako la vitambaa, mlinzi yule mwenye mwanya alikuuliza wewe ni nani wa namba ishirini na saba. Ulimjibu kwa fahari kwamba wewe ni dada. Daftari la getini lina sehemu tatu: mgeni, fundi, dada. Akakuandika unakoandikwa ukisema hivyo, akakuvika kitambulisho cha kijani, akakupitisha geti dogo. Ulipokuja mlangoni ukaniuliza kile cha shingoni ni cha nini, nikakuambia wageni wote wa heshima huvaa. Ukakivaa wiki mbili. Ulikuwa unakifuta kwa pindo la kanga kabla ya kutoka.

Mlinzi aliwahi kuniuliza kama tuna undugu, maana masikio yetu ni mamoja. Nilimwambia waliokula chungu kimoja hufanana, akacheka mpaka mwanya ukaonekana wote.

Na Siku ya Familia ya mtaa, dada! Najua ndiyo siku unayoisimulia kuliko zote. Asubuhi watoto walichora, kina baba wakavutana kamba na daktari wa meno akaanguka kifudifudi, kisha mke wake akatangaza kwa kipaza sauti mbio za akina dada, beseni la maji kichwani, kutoka kwenye bembea hadi geti dogo. Wewe ulidhani wanaitwa wanawake. Ukaniuliza mbona mimi sikimbii, mimi si mwanamke? Nikakuambia nasikia kichefuchefu, na kweli nilikisikia. Jina lako nililiandika mwenyewe kwenye orodha, kwa sababu kila nyumba yenye dada ilitakiwa kumtoa, na mwenyekiti alishasema mbele ya watu kwamba dada wa ishirini na saba ana shingo ya kubebea beseni.

Ukakimbia na goti lako bovu. Ukawaacha wasichana wa miaka kumi na tisa wameloa chapachapa, na kwako halikumwagika tone. Mume wangu alipiga kelele za dada, dada, mpaka sauti ikamkauka. Ulipopewa ile aproni nyeupe yenye maandishi mekundu, ukaisoma kwa sauti, DADA BORA WA MWAKA, ukaniangalia mimi, machozi yakakutoka. Jioni uliniambia tangu mama atuache hakuna aliyewahi kukutamkia neno bora, achilia mbali kukuandikia kwenye kitambaa. Kisha ukafumua upindo wake ukaushona upya, ukisema aliyeushona alikuwa na haraka ya kwenda msibani.

Sasa unaniandikia kwamba umeitundika juu ya cherehani, na kila mteja akiingia unamweleza kwamba mdogo wako mwenyewe ndiye aliyekuandikisha. Dada, iteremshe. Ni tuzo ya mfanyakazi wa ndani. Mwaka juzi aliipata dada wa namba nne, na mwaka jana haikutolewa kwa sababu aliyeshinda alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Wateja wako waliowahi kuishi mitaa kama huu watakuwa wameshaelewa, wanakunyamazia kwa sababu unawapendezesha.

Ningeweza kuishia hapa nikamtupia mlinzi lawama zote. Lakini tangu nikiwa mdogo ulinifundisha kwamba ukifumua, fumua mpaka mwanzo wa uzi.

Siku ya tatu tangu tukutane, mimi na mume wangu tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi yao ya upimaji. Aliniuliza nimekulia mikononi mwa nani. Nilimjibu kweli tupu: wazazi walifariki nikiwa mdogo, nimelelewa na dada. Nilikuwa nakusema wewe. Nilikuwa nasema uji uliokuwa ukinipoozea kwa kuupuliza, na miguu yako iliyokanyaga pedali mpaka nikamaliza kidato cha nne. Yeye akanigeukia, macho yamemlegea, akasema hata yeye kalelewa na dada. Mama yake alikuwa mtu wa ofisini, anarudi jua limezama, na dada ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Alipoanza shule wakamwachisha kazi, na mpaka leo hajui aliko. Mwanamume mzima alilia, dada, pale pale kwenye benchi. Akasema sasa ameelewa kwa nini tulipatana haraka, sisi ni watoto wa nyumba za namna moja.

Nikaona neno letu limeteleza kutoka mkononi mwangu likaangukia kwake likiwa neno jingine. Ningeweza kuinama nikaliokota. Sikuinama. Nilikuwa naangalia kope zake zilivyolowa, nikampenda hapo hapo. Neno lako ndilo lililotuunganisha. Baada ya hapo kila siku ikaongeza tofali lake. Goti lako lilipovimba kabla ya harusi, nilisikitika mbele ya watu, lakini moyoni nilishukuru.

Ulipokuja, nilimwambia ni yule dada aliyenilea, amekuja kutusalimia. Ndiyo maana alikununulia ndala mpya. Ndiyo maana alikupa mashati yake ya zamani, nawe ukaniambia umepata shemeji mwenye roho nyeupe. Siku ulipomwita shemeji mezani, kijiko changu kilianguka. Yeye alicheka, akasema dada huyu ana utani wa watu wa zamani. Nawe ukacheka, ukidhani mnacheka kitu kimoja.

Mwezi uliopita nilikusudia kumwambia. Nilishafungua mdomo. Yeye alikuwa ameweka sikio tumboni kwangu, akaniwahi. Aliniambia amefikiri sana, na hataki mtoto wake alelewe na mtu wa kuokota. Anataka arudi yule yule dada aliyenilea mimi, na safari hii hakuna atakayemfukuza, ataishi nasi mpaka azeeke. Alisema anamlipa yule dada aliyempotea kwa kukutunza wewe. Kesho yake alikipaka rangi mwenyewe kile chumba cha nyuma karibu na sehemu ya kufulia, rangi ya samawati, akaweka kitanda, akatundika na kioo. Nilijifungia bafuni nikalia. Kisha nikanawa uso, nikatoka, nikamwambia utakuja.

Najua utakalosema. Utasema nimwambie leo leo, mume mwema husamehe. Labda. Lakini wewe humjui kama mimi. Nikimwambia, hatakuona wewe uliyekimbia na beseni. Ataona benchi lile, na mimi nimekaa juu yake nikimtazama analia huku nimenyamaza. Mtu anayepima ardhi, dada, akikuta kigingi cha kwanza kimewekwa pasipo pake, anafuta ramani yote. Nami nina furaha mno. Sijawahi kuwa na furaha namna hii, na wewe ndiye uliyeniombea niipate.

Basi jibu lako ni hili. Mama mkubwa hana chumba katika nyumba hii. Dada anacho, na kina dirisha. Ukija kama mama mkubwa, utakuja siku moja, na siku hiyo itakuwa ya mwisho kwangu hapa. Ukija kama dada, utamwogesha, utamvika vile vikoti vinne, utamfundisha kutembea pale kwenye nyasi, na kilio chake cha kwanza cha asubuhi utakisikia wewe kabla yangu. Atakuita dada. Mimi pia nilianza kwa kukuita hivyo hivyo, na uliitika. Wateja waelekeze kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Cherehani usije nayo, mashine zinazopiga kelele haziruhusiwi kwenye vyumba vya nyuma. Na hilo neno shemeji liache huko huko, tafadhali. Yeye mwite baba mtoto, akina dada wote huku huwaita hivyo wenye nyumba.

Usinichukie. Ukinichukia nitajua, maana nitaanza kusikia baridi kama nilivyokuwa nikiisikia ukitoka kitandani kwetu alfajiri kwenda kuwasha jiko. Nakupenda kuliko mtu yeyote aliye hai, ukimtoa yeye mmoja.

Nisalimie majirani wote, hasa bibi wa vitumbua, na paka wako mwizi wa nyuzi. Mume wangu anakusalimu sana. Yuko hapa begani mwangu sasa hivi, nimefunika karatasi kwa mkono, anasema niandike kwamba dada asiogope safari, nyumba ni yake. Na mtoto naye amepiga teke, sijui ni salamu au vipi.

Njoo Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, kabla jua halijawa kali. Njoo na ile aproni. Usiende geti kubwa, pita lile dogo ulilolizoea. Mlinzi akikuuliza wewe ni nani, mwambie wewe ni dada. Hutakuwa umesema uongo.

Ni mimi uliyenipulizia uji ukapoa,
Kifaranga wako.