Shemeji Nestori, Nilikupiga Mara Mbili

Shemeji Nestori,

Nakuandikia nikiwa nimekaa uani kwako, mkono wa kushoto umefungwa na kutundikwa shingoni. Aliyeuvunja ni dada yangu Limi, mke wako. Nitakueleza ilivyokuwa. Kwanza niseme lile nililolificha tangu siku uliyokufa: nilikupiga. Nilikupiga mara mbili kwa rungu kabla sijauona uso wako.

Watu walijua tu kwamba ni mimi, Shija, niliyekukumbatia pale chini nikakukimbiza hospitali kwa bodaboda. Msibani walinisifu. Mzee wa kanisa lenu alinishika bega mbele ya waombolezaji akaniita ndugu wa kweli. Nikala wali wa msiba wako.

Labda hukupata kujua ilivyoanza. Ng'ombe wa baba waliingia kwenye mahindi yako yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Ukawakusanya, ukawa unawaswaga kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, maana siku zote ulitaka mambo ya shamba yamalizwe kwa maneno. Mchunga ng'ombe wetu alikuwa mgeni, hata wiki mbili hajamaliza kwetu, hakukujua. Aliona mtu anaondoka na ng'ombe, akapiga yowe.

Mimi nilikuwa nachimbia nguzo za zizi. Unajua kwetu, yowe likilia hakuna mwanaume anayeuliza. Unachukua ulicho nacho, unakimbia. Anayebaki nyumbani anatengwa, hata moto wa kuwashia jiko hapewi. Nilikimbia, na nakwambia kweli, shemeji, nilikimbia kwa furaha. Mwili ulikuwa mwepesi. Nilisikia vishindo vya wenzangu kulia na kushoto, nikajiona mwanaume.

Nilikuta wameshakulaza kifudifudi. Vumbi, fimbo, migongo ya watu. Nikapenya. Pigo la kwanza lilitua begani. La pili lilitua nyuma ya sikio, na nililisikia mkononi mwangu, kitu kikipasuka ndani. Ndipo ukageuza uso. Jicho moja lilikuwa limejaa damu. Ukasema, "Shija, ni mimi." Hukupaza sauti. Ulisema kama mtu anayebisha hodi.

Nikajitupa juu yako. Nikapiga kelele kwamba huyu ni shemeji yangu, na ng'ombe hawa ni wetu. Mmoja alinipiga ubavuni kabla hajaelewa. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanafuta fimbo kwenye majani, hakuna anayemtazama mwenzake.

Kwenye pikipiki tulikuweka katikati. Kichwa chako kilinilalia begani na damu ikawa inaingia ndani ya shati langu, ya moto. Tulipofika Shanwe, tukikaribia mjini, uliacha kupumua. Sikumwambia dereva. Nilimwacha aendeshe hadi hospitali.

Tangu siku hiyo najiuliza nilitengenezwa wapi, mtu wa namna ile. Nakumbuka nikiwa na miaka saba, mwenzangu alinipiga malishoni nikarudi nalia. Baba akanipa fimbo. "Rudi. Usije hapa mpaka naye alie." Nikarudi. Nilimpiga yule mtoto mpaka akatema jino. Jioni baba akaniita nile sahani moja na wanaume, akanikatia nyama kwa kisu chake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kunikatia nyama kwa sababu nimesamehe. Sikwambii haya ili unionee huruma. Rungu lilikuwa mkononi mwangu, si mwa baba.

Na wewe nilikuona. Mwaka ule ulipomwoa Limi, maksai wetu walikanyaga kitalu chako cha tumbaku, miche yote. Nilikusubiri njiani na fimbo, najua utakuja kupigana. Ukaja, ukakaa kwenye gogo, ukasema, "Shemeji, kaa kwanza." Ukaomba maji. Ulipokwisha kunywa ukaniomba nije kesho yake tusie mbegu upya pamoja. Nilikuja, lakini nilimwambia Limi ameolewa na mwanamke mwenzake.

Tukiwa kitaluni siku ile ulinisimulia habari za baba yako, aliyekimbia mauaji Burundi akiwa kijana. Alikufundisha kwamba kabla hujainua mkono juu ya mtu, kwanza taja majina ya watoto wake. Nilicheka. Nikakuuliza, na kama huyajui? Ukasema, "Basi muulize." Nilidhani unatania.

Baada ya mazishi polisi walikuja. Kijiji kizima hakikuona kitu. Baba aliniambia, "Uliitikia yowe. Damu hiyo si yako." Wiki ya pili vijana wa upande wenu wakaingia kwenye mbuga yetu mchana kweupe, wakawakata maksai wetu mishipa ya miguu ya nyuma kwa mapanga. Wanyama wale walijivuta kwa miguu ya mbele, wanalia, mpaka tulipowamaliza wenyewe. Baba akaita wanaume wanoe mikuki. Nami nilinoa, shemeji. Nilikuwa bado sijashiba.

Kilichonisimamisha ni watoto. Nilikuja hapa kwako kumletea Limi unga, nikakuta wanacheza nyuma ya nyumba. Mmoja amelala chini kifudifudi, wengine wamemzunguka na mabua ya mahindi, wanapiga na kupiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa binti yangu Minza. Aliyelala chini ni Adela wako. Ilikuwa zamu yake kuwa mwizi. Alikuwa anacheka.

Niliwanyang'anya mabua. Nikaenda kwa Limi. Alikuwa anatwanga. Nikamwambia yote, begani na nyuma ya sikio. Hakulia. Aliinua mchi akanipiga nao, nikakinga kwa mkono, mfupa ukalia. Akauinua tena, na safari hii sikukinga. Ulibaki juu. Aliutazama muda mrefu, kisha akaulaza chini taratibu na kusema, "Mmenifundisha hata mimi." Hakunisamehe. Hajanisamehe. Alisema tu, "Haya maneno utakwenda kuyasema Mpanda, kwa polisi, na mimi nikiwepo nasikia."

Jana nilikwenda zizini nikawaambia wanaume waliokuwa wananoa kwamba nakwenda polisi kujitaja. Baba alisema nikifungua mdomo sitazikwa kwake. Mmoja alinitemea mate. Wawili waliokuwepo siku ile waliweka mikuki chini wakasema watakwenda pamoja nami. Mmoja wao alikuwa analia. Hao waliobaki sijui watafanya nini. Nimemtuma mzee wa kanisa lenu awaambie vijana wenu kwamba tunakwenda kujitaja, wasije wakatuvamia kabla hatujafika.

Leo asubuhi Adela alinifuata hapa nilipokaa. Aliniuliza kama mwizi wa kwenye mchezo ni wewe. Nilimwambia hukuwa mwizi. Ulikuwa unarudisha ng'ombe waliokula mahindi yenu. Nikamwambia pia kwamba mmoja wa waliokupiga ni mimi, mjomba wake. Alinitazama kama ambavyo hajawahi kunitazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Ana haki.

Lala salama, Nestori. Sitakuomba msamaha kwa karatasi. Nakuahidi moja: kesho nikiulizwa, sitasema yowe lilinipeleka, wala baba, wala desturi. Nitasema jina langu, nitasema nilipopiga, na nitaacha wanifanyie wanavyoona inafaa.

Shemeji yako,
Shija