Nimesimama Kimya kwa Ajili ya Marehemu Mimi

Jumamosi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri.

Mchana nilipanda treni kwenda Shaw, kwenye duka la santuri. Vijana wa huko walikuwa wanaiadhimisha bendi yetu ya ujanani kule Leeds, ya muziki ule uliozuka panki, ule muziki wa magitaa na makelele, ilipoanza kuchoka. Tulidumu mwaka na ushei, tukatoa santuri moja, tukasambaratika. Mpiga dramu nilikuwa mimi. Nilivaa koti zuri. Nilitaka wanione, nidanganye kwa nini?

Ukutani, picha yangu. Chini yake, mishumaa.

Ati nimekufa! Mwimbaji wetu, sasa mzee mwenye kipara, alikuwa amealikwa, ndiye aliyewasimulia. Enzi zile alinifuata nyumbani, akakuta viatu vimejaa mlangoni, wanaume wanasoma, pilau inapakuliwa. Kaka yangu akamwambia msiba ule ni wangu. Wallahi ilikuwa hitima ya marehemu baba! Mimi nilikuwa jikoni nakata kachumbari. Miaka yote hii nimeamini wenzangu walinitupa.

Vijana wakalia. Wana bendi zao, wanaiga mapigo yangu, wanasema kifo kinasikika ndani yake. Kifo gani, jamani? Nilikuwa kijana, nina njaa!

Tukaambiwa tusimame kimya dakika moja. Nikasimama.

Hapo ndipo mwimbaji aliponiona. Alibadilika rangi, akaja, akanishika mkono, akaninong'oneza nisiwaharibie watoto wa watu. Nikanunua santuri yangu mwenyewe, nikaondoka.

Kaka yangu huyo huyo ndiye ninayeishi naye sasa hapa Woodbridge. Tangu apate kiharusi hasemi wala hainuki. Mimi ndiye namwogesha, mimi ndiye namlisha, na msikitini wananisifu mpaka naona haya. Sasa nikimuuliza atanijibu nini? Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani nilichokiweza, akakizika nikiwa jikoni.

Muziki alikuwa akiuita uchafu wa shetani. Leo nimemlisha uji wake, nimemfuta mdomo vizuri, nikamwekea ile santuri, sauti juu kabisa, nikafunga mlango. Macho yake yalinifuata mpaka natoka. Ninaandika haya huku ukuta unatetemeka, na sioni huruma hata chembe. Nilidhani nitaiona.

Upande wa kwanza umekwisha.

Naenda kuigeuza.