Koilova Zangu na Nyanya za Ilula

Jumamosi, Mbeya

Hata moja haijapasuka! Tenga zima la nyanya, kutoka Ilula mpaka hapa, matuta yote yale, na mama kazitoa kwenye buti nzima kabisa.

Na Fundi Sanga alivyonicheka wiki nzima! Vijana wenzangu pale gereji kwake wakifunga koilova, zile shokapu za kupandisha na kushusha gari, wanachagua ngumu na kulaza gari chini kabisa. Mimi nilichagua laini, nikamwambia aishushe vidole viwili tu.

“Dada, mashine yote hii umeifanya gari ya mchungaji!”

Iliniuma. Hata njiani leo nilikuwa na wasiwasi, kila tuta nasikilizia kama nimekosea kuchagua.

Jioni nimempelekea fundi kindoo cha sado cha nyanya gereji. Akaziminya moja moja akitafuta iliyopondeka. Wapi! Akaizunguka gari, akakandamiza buti mara mbili.

Kichwa kimenivimba, nakiri.

Nilipowasha gari niondoke, akainama dirishani. “Kesho kutwa nisaidie kuipandisha ya kwangu kidogo. Ila dada, wale vijana usiwaambie.”