Hatua Ishirini na Sita

Nyumba ya fundi cherehani,
Chumba cha nyuma.
Jumatano, tarehe 14. Asubuhi manyunyu, jua halijaonekana tangu juzi.

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwanza. Hujambo wewe, na shemeji, na pacha? Kile kikohozi cha shemeji kimekwisha au bado kinawaamsha? Mimi mwili ni mzima. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja na mama anasikia kila kitu.

Ile meza yake ya chai ndani ya lango la kiwanda, ya miaka kumi na tisa, haipo tena. Mahali pake imewekwa mashine ya kuuza vinywaji na biskuti. Unatia sarafu, unabonyeza namba, springi inazunguka, kitu kinadondoka. Na anayeijaza ni mimi. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri kuzungukia mashine nyingine, na kiwandani nafika zamu ya asubuhi ikiingia. Bidhaa za zamani nasogeza mbele, mpya napanga nyuma. Kazi niliyokuelezea kwa furaha mwezi wa tatu ndiyo hii.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Unajua tabia yangu ya kuandika kila kitu. Nilipokuwa nikimsaidia mama, niliandika daftarini watu hunywa chai saa ngapi, zamu ipi hupenda sukari nyingi, siku gani biskuti huisha mapema. Siku ya usaili nilimpa bwana wa kampuni ya mashine daftari hilo, aone kuwa mimi ni mtu wa utaratibu. Akalisoma lote. Kisha akauliza meza ya mama iko umbali gani kutoka langoni, nami nikaenda kumpimia. Hatua ishirini na sita. Nikisema sikuelewa anataka nini nitakuwa nakudanganya. Nilielewa kwenye hatua ya kumi hivi, nikaendelea kuhesabu.

Mama aliambiwa habari ya kupima kwangu na mlinzi wa lango, yule tunayemwita Bonge. Hii ni wiki ya tatu hasemi nami. Akitaka jambo hulipitishia kwa mke wa fundi, nami nimekaa hapohapo. "Mwambie mpangaji mwenzangu maji yamechemka." Mke wa fundi huanza kucheka, akiniona uso huacha.

Hata hivyo mama aliendelea kwenda kiwandani. Alibeba kigoda chake akakaa kando ya mashine. Ikimeza sarafu ya mtu, aliipiga ubavuni kwa kiganja, ikatema. Wafanyakazi wakazoea. "Mama, mwamshe mwenzio, kanuna tena." Naye huwajibu, "Huyu hajanuna, kashiba. Kala riziki yangu yote, sasa anacheua." Wanaangua kicheko. Mimi huwa nyuma ya mlango wa mashine, napanga chupa.

Jana msimamizi wangu alisema mama asionekane pale tena kufikia Ijumaa, na kwamba nimwambie mimi kwa kuwa ni mama yangu. Nilimwambia jioni, akikunja nguo. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu ugomvi uanze.

"Umeshapima niende mbali hatua ngapi?"

Kisha akalala, akageukia ukuta. Leo hakwenda. Hajala tangu jana mchana, na chai niliyomwandalia imefanya utando. Kiwandani wameniuliza yuko wapi, nikasema anapumzika.

Dada, nakuomba. Mpigie kwa simu ya mke wa fundi, siku hiyohiyo ukipata barua, usingoje Jumapili. Usinitetee. Usimwambie kwamba mdogo wako hakujua. Muulize tu kama amekula; mimi nimemuuliza mara nne na ni kama naongea na kabati. Mwite akae kwako, hata nikibaki peke yangu. Kazi nikiiacha, atakuja mwingine kuijaza mashine na meza haitarudi. Hilo nimelifikiria kila upande.

Msalimie shemeji, wabusu pacha, na shangazi mwambie namkumbuka. Mungu awatunze nyote, na amfungue mama kinywa, kwanza ale, kusema nami kutafuata.

Mdogo wako akupendaye, asiye na mwingine wa kumwambia haya.

Saa saba na dakika ishirini mchana. Sijapata usingizi tangu jana. Najilaza sasa sakafuni kando ya kitanda chake, ili akiinuka asipite bila kunikanyaga.