Ukuta Tutaupaka Rangi

Mwenzangu, ofisini tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mkuu na mwalimu wa michezo. Univumilie, ninaandika kwa mkono mmoja.

Tulikuwa tunachagua hadithi za muhula ujao. Mkuu akaikataa ile niipendayo, ambamo mgeni akipigwa, nyumba za mji ndizo zinazotoka damu. "Ukuta hauna damu, mwalimu. Tusiwajaze watoto uongo."

Mara akaingia mtu tusiyemjua, amelowa mvua chapachapa, akiongea lugha tusiyoielewa.

"Mwizi huyo!" Mwalimu wa michezo akang'oa mguu wa kiti, akamshindilia nao mgongoni.

Mgongo haukuchubuka. Ukuta ndio uliopasuka, ukatoka damu.

Akampiga tena, kichwani. Damu ikaturukia usoni kutoka ukutani! Na unajua mkuu alisema nini? "Piga tu, ukuta tutaupaka rangi!"

Tutaupaka rangi! Mtu niliyekula naye mchana!

Nikamlalia yule mgeni kumkinga. Pigo lililofuata lilinivunja mkono, na papo hapo ukuta ukakauka.

Nimewatangazia wote wawili: mgeni huyu analala kwangu, na anayemtaka aanze na mkono wangu uliobaki.