Nani Atakuwa Ibilisi

Jumatatu, 1 Septemba

Nimesuka tangu asubuhi. Vidole vinauma. Mwajuma, mwenzangu wa saluni, alikuwa na mteja wa dawa ya nywele, harufu imetukaba wote. Jioni kwaya. Mchungaji amesema Sikukuu ya Mikaeli na malaika mwaka huu tutaigiza anguko la malaika, na tutaigizia Korogwe, mbele ya sharika zote. Mwandishi na msimamizi: mimi. Nimekubali kabla ya kufikiri. Kawaida yangu.

Jumatano, 3 Septemba

Mchungaji ameniazima kitabu chake cha chuoni kuhusu mafundisho ya Wakristo wa kwanza. Nilidhani habari ya shetani ni moja. Kumbe hata wale wa kale walibishana. Wengine walisema alianguka kwa kiburi, alitaka kiti cha Mungu. Wengine walisema ni wivu, alimwona Adamu anapendwa akaumia. Tena kuna waliosema malaika walitamani binti za watu, wakashuka, na watoto wao wakawa majitu, na roho za majitu hayo ndiyo mapepo.

Nilimsimulia Mwajuma. Habari ya wivu hakuishangaa. "Hiyo hata sisi Waislamu tunaijua. Aliambiwa amsujudie Adamu, akakataa." Ya mabinti ikamchekesha.

Halafu nikafika mahali wameandika kwamba hao malaika walioasi ndio waliowafundisha wanawake wanja, rangi na mapambo. Nikamsomea. Mteja alikuwa chini ya drayeri, akatoa kichwa nje asikie vizuri.

"Kwa hiyo saluni hii imefunguliwa na mashetani?" Mwajuma akauliza.

Tumecheka mpaka machozi. Kwa igizo nimechagua wivu.

Jumamosi, 6 Septemba

Malaika tunao wa kutosha. Kila mwanakwaya anataka mabawa. Ibilisi hakuna. Nimezunguka kanisa zima, kila mtu ana udhuru. Mmoja kasema mgongo. Mgongo na uibilisi vinahusiana vipi?

Jumapili, 7 Septemba

Nimempata! Baba Joshua, mwenye mashine ya kusaga hapa Chanika. Sauti kama ngoma, mwili mkubwa, na hakuna mtu mpole kama yeye. Nilipomwambia alicheka, akauliza kama Ibilisi anaruhusiwa kuimba besi. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 11 Septemba

Ugomvi wa mavazi. Mzee Natanaeli, mzee wetu wa kanisa, anataka pembe, mkia na nguo nyekundu. Mimi nataka kanzu nyeupe kama ya wengine, tena nzuri kuliko zote. Nikaeleza nilichosoma. Mungu hakuumba shetani, aliumba malaika mwema. Hakuna kiumbe kilichotoka mkononi mwake kikiwa kibaya. Walimu wa kale walilishikilia hilo kwa meno, kwa sababu kulikuwa na watu wakisema kuna miungu miwili, mmoja wa mema na mmoja wa mabaya.

"Sasa watu watamjuaje?" mzee akauliza.

"Akianza kusema watamjua, mzee."

Hakupenda. Lakini Mchungaji alitingisha kichwa kunikubalia. Kanzu nyeupe.

Jumapili, 14 Septemba

Mazoezi mazuri. Baba Joshua akisema, "Mimi wa nuru nimwinamie wa udongo?" nywele zinasimama. Anatisha kweli. Baadaye ananiuliza kwa upole kama amezidisha.

Jumanne, 16 Septemba

Siku mbaya. Mama Joshua alikuja saluni, hakuja kusuka. Tangu watu wasikie mumewe ni Ibilisi, wateja mashineni wamepungua. Wanabeba mahindi wanapita mlangoni kwake, wanaenda kusaga mbali. Mama mmoja anasema amekula ugali wa unga wake akaota moto. Mkanda wa mashine umekatika, wamesema mnaona?

"Dada Tabitha, umemtoa wapi mume wangu, umempeleka wapi?"

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha wateja nikajitazama kwenye kioo. Nina hasira na mji mzima. Na mimi mwenyewe nimo.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda kwa Mchungaji, nataka kufuta igizo. Akaniuliza hao wateja wanaogopa nini. Nikasema uovu, wanadhani unaambukiza kama upele. Akasema wengi wa kale wangewashangaa. Kwao uovu si kitu. Hauna mwili, hauna mbegu, Mungu hakuuweka kwenye ghala lolote. Ni nia inayoupa wema mgongo, basi. Hauwezi kukaa kwenye unga.

Vizuri. Ila nani atakwenda kuwaambia hayo akina mama wenye ndoo kichwani?

Ijumaa, 19 Septemba

Mzee Natanaeli anataka Baba Joshua atolewe. Na kijana aliyekuwa Mikaeli amejitoa, anaogopa kumsukuma Ibilisi asije akamfuata nyumbani. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Nilikwenda mashineni kumwachilia Baba Joshua. Kimya pale. Vumbi la unga tu. Alikuwa anafunga mkanda mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Nikiacha leo, watasema kweli lilikuwa pepo, limetolewa. Siachi."

Nikasema hata hivyo sina Mikaeli. Hapo mkewe akatoka ndani na sufuria mkononi.

"Mimi nitakuwa Mikaeli. Wa kumfukuza huyu mbinguni si mtu mwingine."

Nikatazama uso wake nijue kama ni utani. Haukuwa utani.

Jumapili, 21 Septemba

Mama Joshua ni Mikaeli ambaye hata Mikaeli angemwogopa. Amemsukuma mumewe mpaka akaangukia ngoma za kwaya. Mama Joshua akaomba warudie. Wakarudia. Kanisa zima limecheka, hata Mzee Natanaeli, ingawa aligeuka upande tusimwone.

Ijumaa, 26 Septemba

Mabawa ya boksi yamelowa, mvua imepenya stoo. Tumeyaanika. Mashineni bado wateja ni wa kuhesabu. Tukivurunda Korogwe nimemharibia mtu maisha bure.

Jumapili, 28 Septemba

Niandike kabla sijasahau.

Tulikodi kosta, tukaimba njia nzima. Ukumbi wa Korogwe ulijaa, na waliokosa viti walisimama madirishani. Wakristo, Waislamu, watu wa mashamba ya mkonge, wote. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja hakuna kati yetu aliyemjua.

Baba Joshua aliingia na kanzu nyeupe, akaimba besi. Watu wakapiga makofi. Wakampenda! Kisha Adamu akatokea, na Baba Joshua akaanza kubadilika, polepole, sauti tu. Ukumbi ukapoa. Akasema hainami. Mkewe akainua upanga wa boksi.

Ndipo yule bibi akasimama.

"Mwanangu, si uombe msamaha tu yaishe!"

Kicheko. Halafu mwingine kutoka nyuma: "Omba msamaha!" Wakaanza wote, na makofi. Omba msamaha, omba msamaha. Mimi nyuma ya pazia nimeshika kichwa. Hilo halimo kwenye igizo. Baba Joshua kasimama katikati, jasho linamtoka, anatazama watu, anamtazama mkewe. Na Mama Joshua, yule aliyemwangusha juu ya ngoma, akashusha upanga. Akamnyooshea mkono.

Makofi yakakoma. Walikuwa wanangoja. Na mimi nilikuwa nangoja, mimi niliyeliandika.

Akasema taratibu, "Sitaki."

Hakuna aliyemsukuma. Aligeuka, akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni, akatoka mwenyewe. Nikasikia mtu analia.

Baadaye nikamkuta nje na yule bibi. Anatoka Kwaluguru, amekuja kumtembelea binti yake. Amemshika mkono, anamgombeza. "Wewe baba si mbaya, lakini leo umenikera!" Naye anaitikia, "Nisamehe bibi, nisamehe," kanzu imemlowa jasho. Watu wamewazunguka wanacheka. Akina mama wetu wa Chanika nao walikuwepo. Mmoja akamuuliza kama mashine kesho inafunguliwa mapema. Mama Joshua ndiye aliyejibu, kwa maringo.

Mzee Natanaeli alinipa mkono. Inatosha.

Jumanne, 30 Septemba

Saluni tulivu. Mchana nikapeleka mahindi yangu. Foleni ilikuwepo, nikakaa kwenye gunia. Baba Joshua akazima mashine kidogo, akaja kukaa karibu nami.

Akasema lile neno, "Sitaki", alidhani litakuwa zito kulitamka. Ukumbi mzima unamwita, mkewe kanyoosha mkono. "Likatoka jepesi, dada. Jepesi kabisa. Ndilo lililonitisha."



Kisha akainuka, akawasha mashine, hatukuweza kusikilizana tena. Zamu yangu ikafika. Nikapokea unga ungali wa moto, nikaubeba kifuani, nikarudi nyumbani.