Maziwa ya Ghalia

Jidda, 3 Novemba 1984

Dada yangu Muhsina,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na shemeji Naji na binti yangu Ghalia, na goti la shemeji liwe limetulia sasa mvua zimekatika. Mimi sijambo. Joto limepungua, na kazi ya stoo si nzito.

Musaad dereva, anayekuletea barua hii, atakupa makopo ya maziwa ya unga. Ni ya Ghalia peke yake. Wiki iliyopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya jicho, nikamkuta daktari anazungumza na akina mama, nikakaa kusikiliza, mwanamume pekee kati yao. Alisema mtoto anayekunywa chai au kahawa pamoja na chakula hupungukiwa damu na hakui vizuri. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, nikamwuliza: je, kishri? Sisi watu wa milimani tunauza buni na kujichemshia maganda yake kwa tangawizi. Akacheka. "Bwana, maganda hayajui kwamba ni maganda. Hiyo nayo ni kahawa."

Tangu hapo naitazama ile picha mliyopiga mjini. Mikono yake ni myembamba, Dada. Nakuomba usimpe tena kishri. Mpe maziwa kila anapokula.

Na ukipata nafasi, niandikie anavyokula. Nilipoondoka alikuwa hajaota meno ya nyuma. Sijui anapenda nini wala anakaa upande gani wa sinia.

Mdogo wako,
Hizam


Rayma, 20 Desemba 1984

Mdogo wangu Hizam,

Waalaykum salaam. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Naji, ambalo limekuwa mtu wa nne wa nyumba hii: kila asubuhi tunaliuliza hali. Jicho lako je? Umeandika habari za daktari mstari kwa mstari na jicho lenyewe hukulitaja tena.

Makopo yamefika. Nilimsomea Naji maneno ya zahanati, akasema: "Mwambie Hizam yeye alinyweshwa kishri kabla hajajua jina lake, na leo akiingia kwangu huinamisha kichwa asigonge mlango. Angekunywa maziwa angetoboa paa!" Usikasirike, unamjua. Mimi nimekusikia. Ila mtoto hakuyataka maziwa matupu, anasema yananuka bati, kwa hiyo namchanganyia kidogo ndani ya kishri.

Uliuliza anavyokula. Anakaa kuliani kwangu, magoti juu. Humega bonge la asida kwa vidole viwili tu, kama marehemu mama yake, na hachovyi kwenye mchuzi wa uwatu mpaka mimi nichovye. Kikombe chetu cha udongo kikimfikia hukipuliza hata kama kimeshapoa. Akishakunywa hunipa mimi badala ya kumpa Naji, ili kisiende mbali. Naji humwambia, "Mwizi wewe!" Naye hucheka mpaka asida inamtoka mdomoni.

Siku hizi tunachuma buni. Ana kikapu chake. Anakula tunda moja, anatia moja.

Dada yako,
Muhsina


Jidda, 16 Januari 1985

Dada yangu,

Baada ya salamu na kuwatakia afya, jicho limepona, ahsante. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Pale pa asida kumtoka mdomoni, nilicheka peke yangu stoo na wenzangu wakadhani nimepata homa.

Lakini usimchanganyie. Maziwa yawe maziwa. Tena apewe kikombe chake mwenyewe, kisafi, asinywe kwenye kile kinachopita midomo ya watu wote. Hilo pia nililisikia zahanati, na mimi naliona ni jambo la akili.

Sasa habari kubwa. Tajiri wangu amekubali kunidhamini nimlete Ghalia. Karatasi zitakuwa tayari kabla ya Ramadhani. Nimepata chumba karibu na shule ya wasichana, na mke wa jirani yangu, Mama Hisham, atakuwa naye mchana. Nitakuja Idi na tutarudi pamoja. Huku watoto wote hunywa maziwa mezani, kila mmoja na glasi yake. Nataka azoee kabla hajafika.

Usimwambie bado. Nataka nimwambie mwenyewe.

Mdogo wako,
Hizam


Rayma, 25 Machi 1985

Mdogo wangu Hizam,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu. Musaad amepanda na kushuka mlima huu na kila mara nilimwambia barua haijaisha. Kweli ilikuwa haijaanza.

Nilifanya ulivyosema. Nilikoroga maziwa, nikatia asali, na kwa kuwa ulitaka kikombe chake mwenyewe, nikashusha kimoja cha kauri kutoka kwenye shubaka. Unavikumbuka vile vyenye ukingo wa buluu. Nilidhani atafurahi. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, akakinywa chote. Nikajisemea, kumbe Hizam alikuwa na haki.

Siku ya pili alikaa mbali na sinia, karibu na mlango. Nikamwita asogee, akasema hapo panatosha. Kikombe chetu kilizunguka kwangu na kwa Naji, kikampita. Siku ya tatu aliomba ruhusa kabla ya kumega. Hizam, mtoto aliomba ruhusa kula asida ya nyumbani kwake! Naji akamtania, "Leo mwizi kawa mstaarabu?" Hakucheka. Tukadhani anaumwa. Nilimkanda tumbo kwa mafuta. Radia wa jirani akaja kumsomea dua.

Mwisho nilikuwa namsuka, akaniuliza bila kugeuka: "Shangazi, mimi nitaondoka lini?"

Nikamwambia, "Nani kakwambia unaondoka?"

"Wageni ndio wanaopewa kikombe chao."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Umekaa huko muda mrefu, mdogo wangu, hata ukasahau. Na mimi niliye hapa nilisahau pia, kwa sababu ya kukutii. Nyumba hii watu wake hunywa kikombe kimoja. Anayepewa chake ni mpita njia, tunamheshimu, halafu tunamsindikiza mpaka kona ya njia. Ghalia amesindikiza wageni wengi. Anajua.

Ningeweza kumwambia amekosea. Lakini karatasi zako zinatengenezwa, na mimi nazijua. Basi nilisema, "Kaa vizuri, nywele zinakatika." Jioni nilirudisha kile cha kauri kwenye shubaka na nikamrudisha kuliani kwangu. Maziwa hunywa kabla ya chakula, kwenye kata ya mbao, jikoni, anaposubiri moto. Kishri hakunywi tena, hilo nimelishika. Kikombe kikimfikia hukigusa kwa mdomo tu na kunipa.

Wewe ni baba yake. Njoo na karatasi zako. Mimi sina mtoto mwingine, lakini sitakufungia mlango.

Dada yako,
Muhsina


Jidda, 14 Julai 1985

Dada yangu Muhsina,

Assalaam alaykum. Nilifika salama, na gari la Musaad lilikufa mara moja tu njiani. Msalimie shemeji, na umwambie dawa ya goti nitaituma kwa mkono wa mtu wa kwanza anayepanda huko.

Nimeandika barua hii na kuichana mara kadhaa. Nilipoondoka hukuniuliza kitu, na mimi sikusema. Nadhani ulijua tangu siku ile ya kwanza.

Niliingia uani na kanzu yangu mpya na lile sanduku la zawadi. Ghalia alikuwa akifagia. Akaniona, akavuta mtandio kichwani, akakimbilia ndani. Nikasikia anakuita: "Shangazi, kuna mtu!" Kisha akarudi amebeba kikombe cha kauri kwa mikono miwili, akiangalia kisimwagike. "Karibu, ami. Pumzika."

Wewe ulisema, "Huyo si ami, huyo ni baba yako." Naye akasema, "Karibu, baba," kwa sauti ileile.

Alinipa kikombe hicho kila mlo, siku zote nilizokaa. Hukumkataza, na ulifanya vizuri. Nilitaka kumwambia nipe kile cha udongo, lakini mtu haombi jambo kama hilo kwa mtoto. Alinihudumia vizuri sana. Alijua nimalizapo kabla sijakiweka chini. Siku ya Idi nilisema neno la mzaha akacheka, kisha akaziba mdomo na kukutazama wewe, kama kuuliza inaruhusiwa.

Karatasi zilikuwa ndani ya koti. Siku ya mwisho alitembea nami mpaka kona ya njia, akasimama hapo hasa, kama ulivyomfundisha. Akasema, "Mungu akufikishe." Nilikuwa nimepanga kumwambia hapo. Sikuweza kumchukua mtu anayenisindikiza.

Kile chumba nimemwachia Mama Hisham na mumewe. Nimerudi kwa wenzangu.

Mdogo wako,
Hizam


Rayma, 9 Septemba 1985

Mdogo wangu,

Twakusalimu sana. Dawa imefika na goti limenyamaza, Naji anatembea kama bwana harusi. Mvua mwaka huu ni njema, mibuni imeinama.

Sitaandika mengi. Nilijua karatasi zimo kwenye koti, nilizigusa nilipolikung'uta. Usiku ule sikulala kwa hofu, na ulipoondoka peke yako sikulala kwa aibu.

Jana tulikuwa tunakula. Kikombe kilimfikia Ghalia, akakishika, hakukipuliza. Akaniuliza, "Baba huko anakunywa na nani?"

Naji akasema, "Na rafiki zake."

"Wanampa kikombe chao?"

Nikamwambia nitakuandikia na wewe utajibu. Tangu asubuhi ameuliza mara tatu kama Musaad ameshashuka.

Mjibu. Nitamsomea neno kwa neno, kwa hiyo andika kweli.

Dada yako,
Muhsina


Jidda, 2 Oktoba 1985

Dada yangu Muhsina,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa Ghalia, ambaye barua hii ni yake.

Msomee hivi. Baba anakula chumbani pamoja na wanaume sita. Tunatandika gazeti, kila mtu anafungua soda yake, anakunywa akitazama ukuta. Mmoja anatoka Ibb, mmoja Hudaida, wengine sijawahi kuwauliza. Akimaliza mtu huondoka na chupa yake. Hawanipi kikombe chao, kwa sababu hawana. Basi mwambie baba anakunywa peke yake, na tangu alipotoka Rayma hajanywa na mtu.

Hapo acha kumsomea. Yanayofuata ni yako.

Nimemuaga tajiri wangu. Amenishangaa, akasema watu wanapigania nafasi hii. Nikamwambia ni kweli. Shamba la Baba upande wa chini limeachwa, na Naji hawezi kuchuma na goti lake. Sijui kama mikono yangu inakumbuka. Sijui kama Ghalia atanisogezea nafasi mwaka huu au mwaka ujao. Nitakaa karibu na mlango mpaka anisogezee.

Usijibu barua hii, Dada. Jibu halitanikuta huku.

Mdogo wako,
Hizam